Kabla Umwite Mtu 'Fashisti', Panda Matatu ya Webuye–Kitale

Siku hizi neno "fashisti" limeshuka bei mtandaoni kuliko mahindi wakati wa mavuno. Polisi akirusha vitoa machozi, ni fashisti. Gavana akifunga soko, fashisti. Msimamizi wa grupu la WhatsApp akikutoa kwa sababu ya kelele, naye pia fashisti. Tangu Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha na watu zaidi ya 60 wakapoteza maisha kwa hesabu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR), hasira yetu imekuwa ikitafuta jina, na hili ndilo lililoshika.

Naelewa kabisa. Lakini jina likibandikwa kila kitu, siku kitu chenyewe kikibisha hodi tutakiitaje? Tena usidhani hiki ni kitu cha majuu, cha sinema za Hitler na kofia za chuma. Vipande vyake vishapita hapa kwetu, na watu walizikwa.

Chukua barabara moja tu: Webuye, Lugulu, Misikhu, Kamukuywa, Kiminini, Kitale. Lugulu wengi wanaijua kwa hospitali ya Friends na shule ya wasichana, vyote vyenye asili ya Wakweka, Wakristo ambao desturi yao ni kutoshika silaha. Ukielekea Kitale, Mlima Elgon uko kushoto kwako njia nzima. Mashamba unayoyaona kulia na kushoto, na mlima wenyewe, ni darasa tosha la siasa. Twende polepole.

Bunda la fito

Tuanze na neno. Fascio kwa Kiitaliano ni bunda, kitu kilichofungwa pamoja. Warumi wa kale walikuwa na alama ya mamlaka: fito zilizofungwa bunda moja, na shoka katikati. Wazo ni lile lile tulilofundishwa na mababu, kwamba kijiti kimoja huvunjika lakini mzigo wa kuni hauvunjiki. Umoja ni nguvu, nani atakataa? Tabu inaanza ukiuliza maswali mawili: nani ameachwa nje ya bunda, na shoka ameshika nani?

Benito Mussolini alianzisha kundi lake Milan mwezi Machi 1919. Vita vya Kwanza vilikuwa vimeisha, askari wamerudi nyumbani hawana kazi, bei ziko juu, wafanyakazi wanagoma. Vijana wake wa mashati meusi hawakuanza kwa kupindua serikali. Walianza mashambani, katika bonde la mto Po, ambako wenye mashamba makubwa waliwafadhili wawapige viongozi wa vyama vya vibarua. Walichoma ofisi, wakavunja watu mbavu, wakawanywesha wapinzani mafuta ya mbarika kwa nguvu ili waharishe na kuaibika hadharani. Polisi mara nyingi waliangalia kando. Oktoba 1922 wakatangaza wanaandamana kwenda Roma, na mfalme, badala ya kuwazuia, akampa Mussolini uwaziri mkuu. Kufikia 1926 vyama vingine vyote vilikuwa vimepigwa marufuku.

Kwa hiyo, ufashisti si udikteta tu. Dikteta wa kawaida anataka unyamaze, ukae nyumbani, ulipe kodi. Fashisti anataka utoke. Anataka uimbe, uvae sare, uchukue rungu, umchukie mtu fulani kwa moyo wako wote. Mwanahistoria Mmarekani Robert Paxton, katika kitabu chake cha 2004, anaueleza kama tabia ya kisiasa: kundi la watu linajiona limedhulumiwa na kudhalilishwa, linaahidiwa usafi na nguvu mpya, na linaruhusiwa kutumia mabavu bila kujali sheria. Kaa na hayo matatu kichwani: dhuluma, usafi, mabavu. Tutayakuta tena mbele.

Walipigana nao, wakarudi bila shamba

Kenya ilikutana na mafashisti wa kweli mapema. Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia, ikatumia hata gesi ya sumu dhidi ya watu. Mei 1936 Addis Ababa ikaanguka. Juni 1940 Italia ilipoingia Vita vya Pili upande wa Hitler, mpaka wetu wa kaskazini ukawa uwanja wa vita, na Moyale ikatekwa mwezi uliofuata. Wanajeshi wa King's African Rifles, wakiwemo vijana kutoka huku magharibi, walikuwa katika majeshi yaliyowatimua Waitaliano. Mei 1941 Mfalme Haile Selassie akarudi Addis. Kile kikanisa kidogo unachokiona ukishuka Mai Mahiu kilijengwa mwaka 1942 na mateka wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara.

Lakini hata Nairobi yenyewe ilikuwa na wafuasi. Josslyn Hay, yule Lord Erroll aliyeuawa kwa risasi nje ya Nairobi Januari 1941, alijiunga mwaka 1934 na chama cha mafashisti wa Uingereza kilichoongozwa na Oswald Mosley. Na hakuonekana kichaa machoni pa wenzake. Mkoloni tayari alikuwa amegawa nchi kwa rangi ya ngozi. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya mashamba ya wazungu, na Mwafrika aliruhusiwa kukaa humo kama kibarua, kipande kikining'inia shingoni. Mwandishi wa Martinique, Aimé Césaire, aliandika mwaka 1950 kwamba kilichowashtua Wazungu kuhusu Hitler ni kuwa aliwafanyia wao yale waliyozoea kuona yakifanyiwa watu wa makoloni.

Hapa ndipo mzizi ulipo. Wasabaot walikuwa na ardhi katika tambarare za Trans Nzoia kabla ya masetla. Wakasukumwa. Waliilalamikia hata Tume ya Ardhi ya Carter miaka ya 1930, hawakurudishiwa. Wabukusu nao walikuwa na machungu yao: walipigwa na Waingereza Lumboka na Chetambe mwaka 1895, na Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa alifungwa na mkoloni, kisha akafungwa tena na serikali ya Kenya huru. Ni kweli watu walidhulumiwa. Kudai chako si ufashisti, na yeyote anayekuambia unyamaze kuhusu ardhi "kwa sababu ya amani" anakuchezea akili.

Swali ni dai hilo limewekwa mikononi mwa nani, na limeelekezwa kwa nani.

Kadi ya chama na wimbo wa kasuku

Rukia miaka ya 1980, wazazi wetu wakiwa vijana kama sisi. KANU ni chama pekee kisheria tangu 1982. Septemba 1984, Rais Daniel arap Moi akirejea kutoka Addis Ababa, aliwaambia mawaziri na viongozi waimbe wimbo wake kama kasuku, jinsi yeye alivyoimba wa Kenyatta. Vijana wa KANU walizunguka sokoni na stejini wakikagua kadi za chama. Huna kadi, hupandi gari, huuzi nyanya. Mwaka 1988 watu walipiga kura kwa mlolongo, wanapanga foleni nyuma ya mgombea mchana kweupe, kila mtu anaona umesimama wapi. Wapinzani waliishia vyumba vya mateso vya Nyayo House.

Je, huo ulikuwa ufashisti? Mimi nasema hapana, ulikuwa udikteta wa chama kimoja. Moi kwa sehemu kubwa alitaka utulivu na utiifu. Lakini angalia zana zilizobaki ghalani: vijana waliozoea kulipwa ili watishe jirani zao, na imani kwamba kiongozi ni baba na anayempinga ni adui wa nchi. Zana hazikukaa bure muda mrefu.

Neno lililoleta moto

Mwaka 1991 shinikizo la vyama vingi lilikuwa limemfika Moi shingoni. Septemba mwaka huo, wanasiasa wa KANU wa Bonde la Ufa walifanya mikutano, ukiwemo wa Kapsabet, wakidai majimbo. Majimbo kama mfumo wa serikali si kosa. Ugatuzi wetu wa leo ni binamu yake. Lakini majukwaani yaligeuzwa kuwa kitu kingine: kila mtu arudi "kwao". Wasiokuwa wa hapo wakapewa jina, madoadoa. Doa ni uchafu kwenye nguo safi. Na uchafu hufanywaje? Huoshwa.

Oktoba 29, 1991, moto uliwaka shamba la Meteitei, Nandi. Kufikia Desemba ulikuwa umefika Trans Nzoia, pande za Endebess, kisha ukashuka Bungoma na Mlima Elgon. Walioshambuliwa wengi walikuwa wa jamii zilizodhaniwa kuunga mkono upinzani: Waluhya, Wakikuyu, Wajaluo. Watu waliacha mahindi shambani wakakimbilia makanisa, masoko na jamaa zao. Human Rights Watch ilikadiria mwaka 1993 kwamba angalau watu 1,500 walikuwa wameuawa na 300,000 kufurushwa kote nchini. Kamati ya bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku mwaka 1992, na baadaye Tume ya Akiwumi, zote mbili zilionyesha kidole kwa wanasiasa wakubwa na maafisa wa serikali.

Yale matatu ya Paxton yameonekana? Dhuluma ya kweli ya ardhi. Ahadi ya usafi. Ruhusa ya mabavu. Tofauti ni kwamba hapakuwa na shati jeusi wala saluti, ndiyo maana hatukuwa na neno la kuiita. Tuliita "mapigano ya kikabila", kana kwamba makabila yaliamka asubuhi moja yakachapana yenyewe.

Bunda linapoanza kujila

Sasa inua macho hadi mlimani. Mwaka 1968 eneo la Chepkitale, juu kabisa ya Mlima Elgon, lilitangazwa hifadhi ya wanyama, na watu walioishi humo wakatakiwa washuke. Mwaka 1971 serikali ikaanzisha mpango wa makao wa Chebyuk ili kuwapa ardhi. Ugawaji ukavurugika kwa miaka mingi: orodha zikabadilishwa, wenye mkono mrefu wakajiingiza, wengine wakafurushwa. Ilipofika awamu ya tatu, katikati ya miaka ya 2000, likazuka kundi la Sabaot Land Defence Force, SLDF, jeshi la "kulinda ardhi ya Wasabaot". Kamanda wake aliyejulikana zaidi alikuwa Wycliffe Matakwei.

Jina linasikika kama ukombozi. Lakini soma kilichotokea. Kundi hilo lilitoza watu kodi. Likaendesha mahakama zake. Likakata watu masikio. Familia zililazimishwa kutoa mtoto wa kiume au pesa. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2008 ilisema kundi hilo liliua zaidi ya watu 600 na kwamba maelfu kwa maelfu walihama, wengi wakishukia miji na vijiji vya Bungoma na Trans Nzoia. Na waathiriwa wengi hawakuwa "wageni". Walikuwa Wasabaot wenyewe: wa ukoo mwingine, wa orodha nyingine ya mashamba, waliompigia kura mtu mwingine, au waliokataa tu kulipa. Kwa hiyo usije ukasikia mtu akiwalaumu "Wasabaot" ukaitikia. Wao ndio walioumia kwanza na kuumia zaidi.

Somo ni hili. Ukishakubali kwamba kuna "watu halisi wa hapa" na kuna madoa, utafutaji wa madoa hauishi. Wageni wakiisha, itatafutwa koo. Koo ikiisha, itatafutwa aliyesita kuimba. Italia ilikwenda njia hiyo hiyo: mwaka 1938 Mussolini alitunga sheria za kuwabagua Wayahudi, na baadhi ya Wayahudi hao walikuwa wanachama wa chama chake miaka yote.

Kisha ikaja serikali. Machi 2008 jeshi lilianza Operesheni Okoa Maisha. Wanaume na vijana kwa maelfu walisombwa, wengi wakapelekwa kambi ya Kapkota kuchujwa, na mashirika ya haki yakaandika kuhusu mateso na watu zaidi ya 200 ambao hawakuonekana tena. Matakwei aliuawa Mei 2008. Yaani kijana wa mlimani alipigwa na kundi kwa sababu hakujiunga, kisha akapigwa na mwanajeshi kwa kudhaniwa amejiunga. Mama zao, na wake zao, walibaki wakitafuta miili.

Na wale wanasiasa waliokuwa wakipanda mlima na ahadi za mashamba? Hukumu zao utazitafuta mpaka betri ya simu iishe.

Mbona naandika haya sasa

Kwa sababu 2027 imekaribia na ghala la zana bado halijafungwa. Januari 2022 seneta mmoja alikamatwa baada ya kutumia neno madoadoa jukwaani Eldoret, na Aprili mwaka huo tume ya uwiano, NCIC, ikaliweka katika orodha ya maneno ya chuki, pamoja na mengine kama kwekwe na mende. Angalia vizuri majina hayo. Doa, gugu, mdudu. Yote ni vitu vya kusafishwa, hakuna hata moja lenye mama.

Juni 17, 2025, vijana wenye rungu na mijeledi, wengine juu ya pikipiki, walivamia waandamanaji Nairobi. Picha zilionyesha baadhi yao wakipita karibu na polisi bila kuguswa. Sijui wewe, lakini mimi nikiona hivyo nakumbuka bonde la mto Po. Hao si viumbe kutoka sayari nyingine. Ni vijana wa rika letu, wa mitaa yetu, waliohesabiwa kuwa bei rahisi.

Na huku kwetu bei rahisi imejaa. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipofungwa 2009, Webuye nzima ilipooza, na ahadi za kukifufua zimepigiwa kampeni uchaguzi baada ya uchaguzi. Steji ya boda ya Lugulu, Misikhu au Kiminini saa nne asubuhi imejaa watu wenye nguvu na akili, wengine na diploma, wanaongoja abiria wa shilingi hamsini. Mheshimiwa anajua. Akija, hatakuja na saluti ya Mussolini. Atakuja na vitenge, spika kubwa na bahasha.

Kwa hiyo badala ya kumuuliza mtu kama ni fashisti, muulize haya:

Moja, anaposema "watu wetu", nani hayumo? Kama hawezi kujibu mbele ya jirani yako Msabaot, Mteso, Mturkana au Mkikuyu, basi ana jibu ambalo hataki walisikie.

Mbili, dhuluma anayoitaja ilifanywa na nani hasa? Ardhi ya Trans Nzoia ilichukuliwa na serikali ya kikoloni, ikagawanywa upya na serikali huru na wenye pesa. Mwanamke anayeuza sukuma wiki Kitale hakuwa kwenye kikao hicho.

Tatu, kazi anayokupa inahitaji rungu? Kama ndiyo, mtoto wake mwenyewe yuko kwenye orodha?

Nne, akishindwa kura, atakubali? Na akishinda, ukimkosoa utabaki mtu wake ama utageuka doa?

Tano, akivunja sheria leo kwa ajili yako, nani atamzuia kesho akiivunja dhidi yako?

Haya maswali hayahitaji digrii. Yanahitaji tu kuulizwa kwa sauti, kwenye baraza, spika zikiwa zimewashwa, na vijana zaidi ya mmoja wakisimama pamoja. Hilo nalo ni bunda la fito, ila halina shoka.

Mwaka 1992 Wakenya waliibandika noti ya shilingi 500 jina la jirongo, kutokana na Cyrus Jirongo, mwenyekiti wa Youth for KANU '92, kwa jinsi pesa zilivyomwagwa kwenye kampeni. Vijana wengi walizishika. Zilinunua unga, bia, labda viatu, zikaisha kabla ya Krismasi. Wapo watu wa Endebess waliofurushwa msimu huo ambao hawajawahi kurudi kwenye mashamba yao. Safari ijayo bei itakuwa imepanda, maisha yamepanda. Piga hesabu mapema, kabla hujanyoosha mkono.